Miguu ya Fundi Sekela

Fundi Sekela wa Mwanjelwa alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda walimkubalia: alianza kushona bila kugusa gurudumu. Mafundi wengine wote hulisukuma kwanza kwa mkono lile gurudumu dogo la juu ya cherehani, ndipo miguu ifuate. Yeye alikanyaga tu. Kisigino kidogo, vidole kidogo, na cherehani ikaitika papo hapo. Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye kitambaa, na ndiyo maana mishono yake ilinyooka kuliko ya wenzake. Watu walitoka Uyole na mashati yao mkononi, wanapita mafundi kadhaa njiani, wanauliza, "Fundi Sekela yupo?"

Ustadi huo aliupata Tukuyu, akiwa msichana, barazani kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi mzuri na mtu asiyependa maswali, na kwa bahati mbaya aligawiwa mpwa ambaye hakuwa na kingine ila maswali. Kwa nini sindano ya cherehani ina tundu puani na si mkiani? Huo uzi wa chini unampata vipi mwenzake wa juu? Mjomba alimjibu kila swali kwa neno moja, "Shona." Siku mjomba alipokwenda msibani, Sekela aliifungua cherehani kwa kisu cha mezani, akatazama tumbo lake mpaka akaridhika, kisha akaifunga. Skrubu moja ilimbaki mkononi. Aliizika nyuma ya choo, na cherehani ikaendelea kushona miaka yote bila hiyo skrubu. Sijui waliokuwa wameiweka pale walikuwa na nia gani.

Alipoolewa Mbeya alijiunga na ushirika wa akina mama washonaji pale Mwanjelwa. Cherehani zilikuwa chache na wanachama wengi, kwa hiyo kila cherehani ilikuwa na watu wawili, mmoja asubuhi na mmoja mchana. Sekela alikaa asubuhi. Mchana kiti chake alikikalia Kalista, mama kijana mwenyeji wa Nyololo, mke wa dereva wa lori, mwenye maneno machache na kicheko cha chinichini. Kalista alikuwa mgeni katika kazi. Alimwita Sekela dada, na asubuhi nyingine aliwahi kufika ili amtazame tu anavyoshona.

Basi mwaka wa sabini na sita, wakati treni ya TAZARA bado ilikuwa kitu cha kwenda kutazama stesheni Jumapili baada ya ibada, afisa mmoja wa ushirika aitwaye Ambrosi alifika kutoka Iringa na lori la cherehani mpya. Zilikuwa za kijani, zinang'aa mpaka unajiona meno. Zile za zamani zikapakiwa kwenye lori hilohilo, ziende Iringa kwa kikundi kingine kilichokuwa kinaanza. Akina mama walipiga vigelegele. Sekela aliitazama cherehani yake ikipandishwa kwa kamba, akaenda kuigusa mara ya mwisho.

Lakini lori lilipoondoka tu, udadisi uliishinda huzuni. Alivuta kiti akaanza kuizunguka hiyo mpya. Waliounda walikuwa wamehamisha kila kitu! Njia ya uzi ilianzia kushoto badala ya kulia. Bobini yenye uzi wa chini ilijificha ubavuni. Palikuwa na kijiti cha kurudisha mshono nyuma, kitu ambacho hakuwahi kukiona, akakibonyeza huku na kule akicheka peke yake. Kufikia saa sita alikuwa ameshajua kila kitu kilipo. Kisha akaweka kitambaa, akakanyaga, na uzi ukakatika.

Akapitisha uzi upya, akakanyaga, ukakatika tena. Safari ya tatu nyuzi zilijisokota chini ya kitambaa zikawa kiota cha ndege.

Aliinama akachunguza, akauona ugomvi ulipo. Katika cherehani ya zamani, gurudumu la juu lilizunguka kumjia mshonaji. Katika hii mpya, lilitakiwa kuzunguka kumkimbia. Miguu ya Sekela ilikuwa na mazoea yake ya zaidi ya miaka ishirini. Ilipokanyaga, ililipeleka gurudumu upande ule wa zamani, na cherehani mpya ikirudishwa kinyumenyume ilikuwa inakata uzi.

"Ndugu Ambrosi," alimwuliza yule afisa aliyekuwa amebaki kunywa chai, "kwa nini wamegeuza gurudumu?"

"Mama, sijui."

"Lakini wao wenyewe walikuwa na sababu."

"Hawakuniita kikaoni," alisema Ambrosi, na akarudi kwenye chai yake.

Mwenyekiti wa ushirika, Mama Damari, alikuwa mwanamke wa haki na hakuwa na mzaha. Alitangaza siku hiyohiyo kwamba kuna oda ya sare za shule, na mwisho wa mwezi kila mwanachama atashona shati mbele ya kamati kwa cherehani mpya. Atakayeshindwa atapisha kiti, kwa sababu akina mama waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi. Watu waligeuka wakamtazama Sekela huku wakicheka, maana nani alifikiri maneno hayo yanamhusu yeye? Na yeye alicheka. Alipofika nyumbani ndipo hofu ilipomshika. Bila kile kiti asingekuwa fundi, angekuwa mama fulani anayejua kushona.

Siku zilizofuata zilimtoa jasho. Angeweza kulianza gurudumu kwa mkono kama wanafunzi wanavyofanya, na alijaribu. Lakini kila aliposimama kugeuza kona ya kola na kuanza tena, miguu ilimtangulia. Aliikemea kwa Kinyakyusa, kwa maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa kama yeye hapaswi kuyajua. Akajaribu kuvua viatu, akajaribu kukanyaga kwa mguu mmoja, hata akajaribu kuimba wimbo wa taratibu ili miguu ipoe. Wapi! Na mchana, Kalista alikaa palepale, akasukuma gurudumu kwa mkono wake mwembamba, na cherehani ikanguruma taratibu bila kukata hata uzi mmoja. Kalista hakuwa na mazoea ya kuyasahau. Sekela alimwonea wivu, wivu wa kweli, na akaona haya kumwonea wivu mtu anayemwita dada.

Ukombozi ulimjia mashineni, alikopeleka mahindi kusaga. Mwenye mashine alikuwa Jailos, Msafwa mmoja mweupe kwa unga toka nyusi hadi viatu. Sekela akiwa kwenye foleni aliona mkanda mpana uliotoka kwenye injini kwenda kwenye jiwe la kusagia. Mkanda ule ulikuwa umepishana katikati, ule wa juu umekwenda chini, wa chini umekwenda juu.

"Baba Jailos, mkanda huu umejipinda wenyewe?"

"Nimeupinda mimi," Jailos alipaza sauti juu ya kelele. "Injini anazunguka huku, jiwe anataka kule. Ukipinda mkanda, kila mmoja anafurahi na upande wake!"

Sekela alisahau mahindi. Alisimama pale akiufuata mkanda kwa kidole hewani mpaka mama aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

Asubuhi yake aliwahi kazini kabla ya wengine. Cherehani nayo ilikuwa na mkanda, wa ngozi, uliotoka kwenye gurudumu kubwa la chini kupanda kwenye lile dogo la juu. Aliuchomoa, akaupishanisha katikati, akaurudisha. Ulikaza kidogo lakini ulikubali. Akakanyaga kwa miguu yake ileile, kwa mazoea yaleyale. Gurudumu la chini lilizunguka lilivyozoea, na la juu likazunguka kumkimbia, kama waliounda walivyotaka. Mshono ukatoka umenyooka. Sekela alifunika uso kwa kitambaa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni jambo dogo. Ukweli ni kwamba aliona aibu watu wajue fundi Sekela ameshindwa na miguu yake mwenyewe. Kila asubuhi aliupinda mkanda, na kila mchana, kabla ya kumpisha Kalista, alijifanya anaokota pini akaunyoosha. Aliona ngozi imeanza kuchubuka pale inapojisugua, akaipaka mafuta, akaendelea.

Siku ya kamati ilifika. Sekela aliitwa asubuhi. Alishona shati zima, kola na mfuko na pindo zote, mikono miwili kwenye kitambaa, bila kugusa gurudumu. Mama Damari mwenyewe, ambaye tabasamu lake lilikuwa la msimu, alilinyanyua shati akalielekeza kwenye mwanga. "Fundi ni fundi," alisema. Wenzake walimshangilia, wakamvuta nje wakanywe chai, naye akaenda akiwa kichwa juu, amefurahi sana. Katika furaha hiyo hakuokota pini yoyote.

Aliporudi, Kalista alikuwa ameshakaa, na kamati imesimama nyuma yake. Sekela alisikia ule mlio mdogo wa uzi kukatika akiwa bado mlangoni. Kalista alipitisha uzi upya. Alisukuma gurudumu kwa mkono kama kawaida, lakini kila miguu ilipoanza kufuata, cherehani iliruka na kurudi nyuma. Uzi ukakatika. Kisha sindano ikavunjika, kipande kikarukia sakafuni. Kwenye shati jeupe la shule palikuwa na kiota kikubwa cha nyuzi.

"Jana niliweza," alisema Kalista kwa sauti ndogo. "Mama Damari, jana niliweza kabisa."

"Ndugu Kalista, pole sana. Lakini tulikubaliana wote," alisema Mama Damari, na hakusema kwa ubaya.

Sekela alisimama mlangoni na ladha ya chai bado mdomoni. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angenyamaza, kiti kingebaki chake, na kesho angekuja mwenzake mwingine wa mchana. Wazo hilo lilimpitia, tena halikupita haraka. Kisha Kalista akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza kuokota kile kipande cha sindano sakafuni ili kisimchome mtu, na Sekela hakuweza kustahimili tena.

"Si yeye," alisema. "Ni mkanda. Niliupinda mimi."

Alipiga magoti mbele yao wote akaunyoosha ule mkanda, akawaeleza kila kitu, mpaka habari ya Jailos na jiwe lake. Kamati ilitazama ile ngozi iliyochubuka katikati. Kalista alikaa tena, sindano mpya, uzi mpya, akalisukuma gurudumu kwa mkono, na cherehani ikanguruma. Alimaliza shati zima bila uzi kukatika.

"Sasa wewe," Mama Damari alimwambia Sekela. "Mkanda ukiwa hivyohivyo."

Sekela alikaa. Alijua kitakachotokea, na kikatokea. Uzi wake ulikatika kwenye bega, ukakatika kwenye kola, na nje watoto waliokuwa wakichungulia dirishani waliacha kucheka kwa sababu waliona uso wake.

Mama Damari aliyatazama mashati yote mawili. Kisha akaamua. Kiti cha asubuhi kitakuwa cha Kalista. Sekela atapewa kile cha mchana kwa majaribio, sawa na mwanafunzi, na asipoweza kabla ya kipupwe kuisha atapisha. Hakuna aliyemtetea. Sekela aliitikia kwa kichwa, akakunja shati lake lililoharibika, akaondoka. Njiani alilia kwa uchungu waziwazi, kama mtu aliyefiwa, na waliompa pole walidhani kuna msiba.

Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla hapajafunguliwa, ingawa zamu yake ilikuwa mchana. Swali moja lilikuwa limemkosesha raha.

"Kalista, ukianza, unatangulia kisigino au vidole?"

Kalista aliitazama miguu yake. "Sijui, dada. Sijawahi kufikiri."

"Basi shona, usinijali mimi."

Sekela alikunja khanga yake akaitandika kwenye saruji, akapiga magoti, akaingiza kichwa na mabega yote chini ya meza. Kule chini palinukia mafuta na ngozi. Miguu ya Kalista ilikuwa peku, ina nyufa kwenye visigino. Ilianza, ikasimama, ikaanza tena. Vidole kwanza! Na kisigino kinangoja kidogo, kinangoja mpaka gurudumu lipite juu. Sekela hakuwahi kuona kitu kama kile. Aliweka viganja vyake sakafuni akaanza kuifuatisha ile hesabu, vidole, ngoja, kisigino.

Mlangoni aliingia mzee mmoja na koti lake begani. Alitazama huku na huku.

"Hodi jamani. Nimeelekezwa kwa fundi wa hapa. Ni nani?"

Cherehani ilisimama. Kalista aliinama akatazama chini ya meza.

"Fundi ni huyo unayemwona hapo juu, baba," Sekela alijibu kutoka chini ya meza. "Mpe koti. Mimi bado najifunza."