Ufa Nilioujaza Mawe

Ninyi mnaosoma haya na bado mna meno yenu yote, simameni kidogo. Najua mna haraka. Hata mimi nilikuwa na haraka, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Niliolewa Eburru, mlimani, mahali ambapo ardhi inapumua. Mvuke hutoka kwenye nyufa, na mgeni asipoambiwa atadhani kuna nyumba inaungua. Mama mkwe wangu alikuwa amejenga kibanda cha mabati juu ya ufa mmoja, akauingiza mvuke kwenye mabomba, na juu ya mabomba akapanga treya za waya. Hapo ndipo alipokausha pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Maua yaliingia mabichi, yakatoka makavu. Hakuna kuni, hakuna kelele.

Na mimi, mwanangu, nikaona aibu. Dada zangu wa Njoro walipokuja kunitembelea walicheka sana: "Kumbe wewe unapikiwa na shetani!" Jirani yetu naye alikuwa na mashine ya dizeli ya kukausha. Ikinguruma, hata watu wa ng'ambo ya bonde walijua kwake kuna kazi. Nikamsumbua mume wangu mpaka akanunua kama ile. Kisha nikabomoa kile kibanda, mabati nikaezekea mashine, na ufa nikaujaza mawe na udongo. Sikutaka wageni wauone.

Mama mkwe alikuwa ameketi akichambua maharagwe. Hakuinuka.

"Huo mdomo uliouziba ndio uliokuwa unakulisha."

"Mama, siku hizi ni za mashine."

"Haya. Ikishikwa na njaa utaipa nini?"

Nilicheka. Kichwa changu kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Mwaka mmoja, miaka ya sabini, mafuta yakaadimika. Mwaka huo baridi ilikuwa imeunguza mahindi, kwa hivyo pareto ndiyo ilikuwa unga wetu. Na pareto haimngoji mtu. Ukiiacha mbichi kwenye gunia inajipika yenyewe, inageuka nyeusi, na hakuna atakayeitaka. Tulikuwa na magunia manne, mvua hainyamazi, na mashine imekauka. Nikashuka Gilgil na mtungi, nikakosa. Nikaenda hadi Nakuru. Kalasinga mwenye pampu aliutazama mtungi wangu, akatikisa kilemba.

"Mama, leo hapana iko. Kesho pia usikuje."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akasema, "Mathe, jaribu kuipa mashine yako uji!" Wakacheka wote.

Nilirudi na mtungi mtupu. Nikatia mkono ndani ya gunia: moto. Nikachukua jembe, nikafukua ule ufa kama mwizi anayetafuta alichozika. Mvuke haukunisubiri mahali nilipouacha. Ulifumka kando, hatua mbili, ukaniunguza mkono huu ninaoandikia. Mama mkwe akaja na mabomba yake. Miaka yote hiyo alikuwa ameyaweka chini ya kitanda! Akapiga magoti, akayaunganisha, tukapanga maua juu yake.

Magunia mawili tuliyaokoa. Mawili tuliyamwaga kwenye mbolea. Viazi vya kutuvusha mpaka msimu mwingine niliviomba kwa wale wale dada zangu wa Njoro, na walicheka tena.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mafuta ni ya kuazima. Yanatoka mbali, kwa watu usiowajua, na siku wakikunja mkono unabaki na chuma tu uani. Sikwambii uichukie mashine. Nakwambia usizibe kile Mungu alichokuwekea mlangoni, kiwe mvuke, kiwe upepo, jua au maji yanayoteremka, eti kwa sababu hakipigi kelele na hakuna anayekuuzia. Mungu awape mikono isiyochoka, na masikio yanayosikia mapema kuliko yangu.

Na jioni ile, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, niliwaita wote wa boma langu nikawaambia, na bado nasema: kila asubuhi, kabla ya chai, mtu aende aondoe majani kwenye ule ufa, usije ukaziba. Hata siku ambayo hakuna pareto.