Teresina na Kiwanja cha New Site

Jubek simpendi, na sifichi. Vita vilipomkimbiza Teresina hadi Uganda na watoto, huyu Jubek, mzee wa kanisa mzima, alizungushia uzio kiwanja cha Teresina hapa New Site akajenga. Teresina aliporudi, Jubek alimtazama langoni kama mtu aliyekosea nyumba. Kesi imekaa kwa chifu miaka sita.

Mwaka wa kwanza Teresina alimlaani mbele ya waumini wote. Nilifurahi. Wa tatu akanyamaza, akawa anasali tu na kukaanga mandazi yake ya kuuza. Wa tano akaanza kumsalimia, na salamu ile ilinikera kuliko wizi wenyewe. Mimi Namukasa, muuza vitenge wa soko la Custom, nisingempa Jubek hata maji.

Juzi mama yake Jubek alifariki. Asubuhi wakaanza kuchimba kaburi pale pale uani, na kila mtu alielewa. Ukishamzika mzazi wako kwenye kiwanja, hakuna chifu atakayekutoa. Nilikwenda mbio kumwita Teresina, kumbe yuko huko huko msibani, anawachemshia watu chai. Hata maiti alikuwa ameiosha yeye, kwa mikono yake mwenyewe.

Nikamwuliza kama ana akili kweli.

"Mama huyu hakuiba kitu yangu," akanijibu.

Kisha akaweka birika chini, akaenda kwa wachimbaji.

"Mimi iko nalia na nyinyi," akawaambia. "Lakini hapa hamuchimbi."

Pasta akaja haraka. "Dada Teresina, Mkristo anasamehe."

"Nilisamehe zamani, Pasta. Kiwanja ni ya watoto yangu."

Jubek akamtukana, akamwita mchawi, akainua mkono ampige. Teresina hakupandisha sauti. Alishuka ndani ya shimo, akaketi kwenye udongo, akakunja mikono. Wachimbaji walitazamana, wakaweka makoleo chini mmoja mmoja.

Alasiri maiti ikapakiwa kwenye pikapu kupelekwa makaburini. Teresina alipanda nyuma, akamkumbatia dada yake Jubek aliyekuwa hajiwezi kwa kilio, wakaondoka.

Kwa miaka nimemwita mwanamke yule mjinga, hata mbele ya wanawe. Nilibaki uani peke yangu na aibu yangu, nikachukua koleo nikafukia lile shimo. Jubek bado simpendi.