Kipande cha Katoni cha Shangazi Nereah

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kipya cha sare hunirudisha kwetu Uriri mara moja, hata leo nikiwa na karakana yangu mjini Homa Bay, mashine nane, na diploma ya ushonaji ukutani, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

Katika miaka ya tisini, Shangazi Nereah, dada ya baba, alishona sare za shule kwenye baraza ya duka sokoni. Mabaki yote aliyatia guniani: kijani, maruni, kaki, bluu. Januari moja dada yangu Akoth aliitwa shule ya bweni Homa Bay. Orodha ya vitu ilidai blanketi, na nyumbani tulikuwa na moja tu, tukilala chini yake watatu.

Shangazi akafungua gunia. "Jumatatu Akoth ataondoka na blanketi," alisema. "Wewe utakata, mimi nitashona."

Alinipa kipande cha katoni ya sabuni, mraba wa inchi saba. Sita za kuonekana, akanieleza, na nusu inchi kila upande ya kumezwa na mshono. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwa mtoto wa kuelezwa mara mbili.

Ila katoni iliteleza. Nikagundua kwamba kitambaa hushika kitambaa, basi nikaiweka kando, nikawa napimia kile kipande nilichotoka kukata. Kazi ikaenda mbio. Kufikia Ijumaa nilikuwa na vipande mia na ishirini, nimevifunga kumi kumi, na nusu ya soko ilikuwa imeshasikia habari zangu.

Jumamosi asubuhi Shangazi alishona bunda la kwanza kuwa mstari mmoja, na la mwisho mstari wa pili, akailaza pamoja. Mmoja ulimpita mwenzake kwa shibiri nzima. Akoth alitazama, kisha akageuka akaangalia barabarani.

"Ulipimia nini?"

"Kile cha mwisho."

"Na hicho?"

"Kile cha kabla yake."

Kila mstari wa chaki ulikuwa umeongeza upana wa unywele. Shangazi aliweka kipande cha kwanza juu ya kile cha mia na ishirini, akacheka hadi miwani ikamshuka. "Huyu babu, huyu kitukuu. Hawajuani hata sura." Akanirudishia katoni na mkasi. "Una bahati, fundi. Umekosea kwa ukubwa. Ungekosea kwa udogo, Akoth angejifunika leso."

Nilipunguza kimoja kimoja, katoni nimeibana kwa kidole gumba, mpaka mkasi ukanitoa malengelenge. Katikati tukatandaza sweta zilizochakaa, chini shuka kuukuu. Jumapili jioni kona zote zilikutana. Akoth alilala chini ya kazi yangu miaka minne.

Mimi nilisoma Nairobi, nikafanya kazi huko, nikarudi na mashine zangu mwenyewe. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba nilijitengeneza, hakuna aliyenishika mkono. Juzi, nikiwa katikati ya maneno hayo, nilimwona msichana mmoja ameweka katoni kando, anapimia kitambaa kwa kitambaa.

"Ulipimia nini?" nikamuuliza, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Shangazi, pamoja na kile kicheko.

Sikumalizia hotuba. Siku hizi mtu akiniuliza nani alinifanya fundi, namtaja Nereah kwanza. Kisha namwonyesha diploma.