Maji ya Chini ya Jiwe Jeupe

Panya amefia darini, na harufu yake imenirudisha kwenye korongo la mto kule Bugwema, enzi pampu ya kijiji ilipokaa kimya kwa kukosa dizeli. Mama alikuwa akichota maji ya chemchemi. Mimi nilikuwa nimeshakunywa, nimeshiba. Kando yetu, dada mmoja mpima miamba kutoka Musoma mjini aligonga ukuta wa korongo kwa nyundo.

“Mama, hili jeupe la juu ni jiwe la chokaa, lina nyufa,” alisema. “Hili jeusi la chini ni tope lililogeuka jiwe, halipitishi maji. Kinachomwagwa juu kinashuka, kinatokea hapa. Huko juu mnatupaga nini?”

Juu kulikuwa na shimo la ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa. Nilikuwa nimewaona: matumbo yamevimba, funza wanatambaa machoni. Nikatapika palepale, miguuni pa mgeni.

“Sasa dada, maji mengine yako wapi?” Mama aliuliza.

Mama akajitwika ndoo.

Jioni aliyachemsha maji yale, akasonga ugali. Niliula nimefumba macho, nikimeza bila kutafuna.