Mkwe Aliyenuna na Bawa la Povu

Mume wangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mnyoosho, na jina hilo amelipata kwa haki, maana mletee shati lililolaliwa na mbwa wiki nzima, atakurudishia kitu utakachoogopa kukivaa. Duka letu ndilo sebule yetu. Mbele kuna kaunta, nyuma ya kaunta kuna meza ndefu ya kupigia pasi, na nyuma ya meza kuna kiti cha baba yangu mzazi. Matatizo yangu yote yalikuwa yamekaa kwenye kiti hicho.

Baba ni seremala mstaafu, anaitwa Randa. Alihamia kwetu goti lilipomgomea. Wakati kisa hiki kinaanza, alikuwa ametimiza miaka minne bila kumsemesha mume wangu hata neno moja. Sisemi kwamba walikuwa hawaelewani. Nasema neno! Wanashinda chumba kimoja, hatua tatu kati yao, na mimi katikati nabeba salamu.

“Mwambie mumeo mvuke wake unaniingia machoni.”

“Baba, si yuko hapo anakusikia?”

“Mwambie.”

Namgeukia mume wangu. “Mvuke unamwingia machoni.”

“Mwambie baba aniwie radhi, nafungua dirisha.”

“Baba, anafungua dirisha.”

“Nimeona. Mimi si kipofu.”

Miaka minne, jamani! Siku niliyopotewa na sauti kwa mafua, wote wawili walikaa na njaa mpaka alasiri, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia mwenzake kwamba chakula kiko mezani.

Chanzo chake ni suruali. Siku baba alipokuwa anaagwa kazini, suruali ya suti yake iliungua na pasi, tena nyuma, pale pa kukalia. Badala ya kuambiwa, akatundikiwa suti ukutani, mbele ikitazama watu. Akavaa, akaenda, akapanda jukwaani kupokea zawadi ya msumeno, kisha akageuka kumpa mkono meneja. Watu mia mbili wakaiona chupi ya baba yangu. Ya bluu. Baba hakukasirikia tundu. “Nguo huungua,” aliniambia. “Lakini mumeo alijua, akanyamaza, akaniacha niende. Kama anapenda kunyamaza, basi na anyamaziwe.”

Sasa nisikilize, na usinikatize. Suruali ile niliiunguza mimi. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, nacheka na wifi yangu, na pasi imetulia pale pale mpaka ikatoa harufu. Mnyoosho alinikuta nalia. Akasema, “Baba yako ana mtoto mmoja tu, naye ni wewe. Acha anikasirikie mimi. Itapita wiki moja.” Nami nikakubali, mtu mzima hovyo. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliuficha wa baba na bado mia mbili wakauona.

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka, na kila mwaka ukweli ukazidi kuwa mzito kuutoa. Kila asubuhi mume wangu alisimama mbele ya kile kiti: “Shikamoo, baba.” Kila asubuhi baba alitazama dari. Mnyoosho hakuwa akitaka kusifiwa wala kuombwa radhi. Alitaka siku moja tu mzee amwitikie. Kila dari ilipotazamwa, mimi roho iliniuma, halafu nikaenda kuhesabu vifungo.

Ndipo wifi yangu, huyo huyo wa simu, akatuma boksi. Anafanya kazi kwenye duka la vyombo vya umeme huko aliko, na aliandika juu: “Kwa kipenzi cha shangazi, ucheze vizuri.” Alimaanisha mwanangu. Mwanangu ana miaka ishirini na sita, ni muuguzi, ana ndevu. Wifi yangu akishakupangia umri, huutoki. Mwanangu akamwachia baba yake boksi.

Ndani mlikuwa na ndege ya kuunganisha: vipande viwili vya povu jeupe kama lile la kufungia televisheni, mota moja, panga dogo kama la feni, betri, waya za kutosha kumfunga mwizi, na rimoti yenye vijiti viwili. Baba akanyoosha shingo.

“Mwambie mumeo wamemwibia. Haina mkia.”

Nilitazama picha ya boksi. Kweli, haikuwa na mkia, haikuwa na tumbo, haikuwa na magurudumu. Ilikuwa bawa tupu.

“Mwambie baba ndivyo ilivyo. Hili ni bawa linaloruka lenyewe.”

“Mwambie hata mlango una bawaba.”

Basi nikajua. Baba alikuwa ameshaingia. Seremala hata astaafu mara ngapi, ukimwekea mbele vipande viwili vinavyotaka kuunganishwa, mikono inamwasha. Kwa wiki mbili nikawa sina kazi nyingine. Mume wangu akichukua gundi inayokauka papo hapo, kiti kinasema, “Mwambie hiyo itakula povu, atumie nyeupe.” Nasema. Mume wangu anajaribu kwenye kipande cha pembeni, povu linayeyuka, anabadilisha. Kiti kinasema, “Mwambie aweke uzito mbele, ikiwa nzito nyuma itakaa kama kuku anayetaga.” Nasema. Wateja wanasubiri mashati, mimi natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili!

Siku ya kuivalisha ndege, Mnyoosho aling’ara. Bawa lile hufunikwa ngozi nyembamba ya plastiki, nayo hubandikwa kwa pasi. Kwa pasi! Hapo ni kwake. Alishusha moto mpaka ukawa wa hariri, akapitisha juu, chini, juu, chini, plastiki nyekundu ikalala bila mkunjo hata mmoja. Nilimwona baba akiegemea mbele, mdomo wazi. Baba akafunga mdomo, akasema, “Mwambie si mbaya.” Mume wangu alitembea na hiyo “si mbaya” siku nzima, akamrudishia mteja mmoja soksi alizozipiga pasi.

Lakini udobi nao una tabia zake. Mume wangu anaamini kitu chochote kinachong’aa kifanyiwe kazi kikiwa kimegeuzwa. Suruali nyeusi, gauni la satini, tai, vyote hugeuzwa ndani nje visipate mng’ao wa pasi. Sasa bawa lake jekundu lilikuwa linang’aa, na yeye angekufa kuliko kulikwaruza. Akalilaza chali juu ya taulo, tumbo juu mgongo chini, na kazi yote iliyobaki akaifanya hivyo hivyo: waya, betri, na vile vijibawa viwili vya nyuma vinavyoinuka na kushuka ili ndege ipande au ishuke. Akawasha rimoti, akavuta kijiti. Vijibawa vikaelekea darini. “Safi,” akasema. “Ukivuta, inapanda.”

Mimi nilikuwa kaunta, nagombana na mama mmoja aliyedai shuka lake lilikuja na maua mengi zaidi. Nikasikia baba, “Wewe, njoo umwambie mumeo.”

“Baba, subiri.”

“Njoo, nasema.”

“Baba, nina mteja!”

Aliita mara ya tatu, na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa ukali. Nilipokwenda nikamkuta amekunja mikono. “Ulikuwa unasemaje?”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Yamepita. Kila mtu na lake.” Nikamfahamu baba yangu, ameshasusa. Nikaacha.

Jumamosi asubuhi tukaenda uwanja wa mpira, kabla wavulana na mwamuzi wao hawajaanza mechi. Mnyoosho alikuwa amewaambia wateja wote, kwa hiyo mtaa ulikuja, wengi wao wamevaa nguo alizozinyoosha yeye. Nilimbebea baba kiti chake. Nikaona hana raha. Anafungua mdomo, anaufunga. Anamtazama mume wangu akiweka betri, anafungua mdomo, anaufunga. “Baba, una nini?” “Sina kitu. Jua.” Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya wingu.

Kurusha nilipewa mimi. “Shika hapa mbele, mke wangu. Panga liko nyuma, litakunyoa vidole. Nikisema tupa, utupe kama unamtupia mtu taulo.” Mota ikalia. Akasema tupa. Nikatupa.

Na ikaruka! Ilikwenda moja kwa moja, nyekundu, nzuri, na mtaa ukapiga kelele. Ikafika katikati ya uwanja, ikaanza kushuka kidogo. Mume wangu akavuta kijiti ipande. Ikashuka zaidi. Akavuta zaidi. Ikaelekeza pua ardhini kama imedondosha sindano na inaitafuta.

Nyuma yangu kiti kikaanguka.

“SUKUMA!” Ilikuwa sauti ya baba. Amesimama, na goti lake lile bovu. “Sukuma mbele, zuzu wewe! Umeijaribu kichwa chini miguu juu! Sukuma!”

Mnyoosho akasukuma. Bawa likainua pua urefu wa mtu mmoja kutoka kwenye nyasi, likapanda, likapanda, watu wakarusha kofia. Na mume wangu, badala ya kutazama ndege, akageuka taratibu, rimoti mkononi, macho yamejaa maji.

“Baba? Umenisemesha mimi?”

“Tazama ndege!”

“Lakini umesema na mimi.”

“Nimesema tazama ndege, mjinga!”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, TAZAMA NDEGE!”

Ndege ilikuwa imechoka kungoja. Ilizunguka yenyewe, ikashuka kwa kasi, ikaingia golini na kuchana wavu. Wavulana wa mpira wakashangilia bao.

Tukaenda wote watatu golini. Bawa lilikuwa vipande viwili tena, kama lilivyotoka kwenye boksi. Baba anahema, anaona haya, anageuza haya kuwa hasira, ndiyo kawaida yake. “Ningeweza kunyamaza,” akamwambia mume wangu usoni. “Nilijua tangu juzi. Nilitaka ninyamaze uaibike mbele za watu, kama mimi. Nimeshindwa. Wewe uliwezaje?”

Mume wangu akaniangalia sekunde moja, si zaidi, halafu akainamisha kichwa. “Niliogopa, baba.”

Kwa mara nyingine alikuwa ananibebea, vile vile, bila hata kufikiri. Nikasema kwa sauti ambayo hata mwamuzi aliisikia, “Ni mimi! Baba, suruali niliichoma mimi, na mimi ndiye niliyenyamaza. Yeye hata hakuwepo!”

Baba akatikisa vumbi kwenye kipande cha povu. “Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Alama ya pasi ilikuwa imelala kushoto. Nimefanya kazi ya kupima miaka arobaini. Katika nyumba hii mwenye mkono wa kushoto ni nani?”

Nikauangalia mkono wangu. “Sasa kwa nini ukamnunia yeye?”

“Ungetaka nimnunie nani?” Baba akapaza sauti, kweli kweli, kama mtu aliyeonewa. “Wewe? Wewe si ndiye unayepika! Mtu akitaka kununa lazima achague. Nilikusudia siku tatu tu. Halafu sikujua pa kuishia.”

Loo! Sijawahi kuona uso wa mume wangu namna ile. Aliokota kipande kimoja, akaokota cha pili, akakikung’uta nyasi, akatupita wote wawili bila kusema neno. Akarudi nyumbani, akawasha pasi, akaanza kunyoosha mashuka.

Alinyamaza Jumamosi yote. Akanyamaza Jumapili. Baba alihamisha kiti chake, akakileta mpaka ukingo wa meza, na akawa yeye ndiye anayesema. “Mkwe wangu, nimeleta gundi nyeupe.” Kimya. “Mkwe wangu, safari hii tuweke kijiti cha mbao katikati, nitakichonga mimi.” Kimya. Jumatatu akamfuata mpaka kwenye kamba za kuanikia, anachechemea, anamshikia vibanio, anamweleza habari za mbao laini na mbao ngumu, habari za ujana wake, habari za mama yangu ambazo hata mimi sikuwa nazijua. “Mwanangu,” nikamsikia anamwita, na sikuamini. “Mwanangu, nilikosea. Unanisikia?”

Mume wangu akabana shuka, akachukua jingine.

Sikuvumilia. Nikamvuta ndani, nyuma ya gunia la nguo chafu. “Wewe nawe! Mzee amekuita mwanangu. Amekuomba radhi mara ngapi? Miaka minne ulilia akusemeshe, leo anakusemesha unamfanyia hivi? Msamehe basi!”

“Nimeshamsamehe,” akaninong’oneza. “Nilimsamehe pale pale golini.”

“Sasa mbona hujibu?”

Akachungulia nje. Baba alikuwa ameanza upya, peke yake, analieleza shuka jinsi ya kuunganisha povu.

“Nikijibu atanyamaza,” mume wangu akasema. “Nimeisubiri hiyo sauti siku nyingi, mke wangu. Mwache aongee.”