Mguu wa Ndugu Nisiye Naye

Wakati wa vita, baada ya kushona viatu Beni na kupasua mbao Kasugho, nilikuwa naendesha pikipiki ya abiria. Siku moja nilimchukua daktari mmoja kijana kutoka mji wa Mutwanga kumpeleka Butembo. Hospitali moja ilikuwa inatafuta daktari mmoja, mmoja tu, wa kupelekwa Uganda kusomea upasuaji, na walioitwa kuhojiwa walikuwa watatu. Tulisukuma pikipiki kwenye matope, tukawabembeleza askari wa vizuizi viwili. Tulifika marafiki.

Nilikaa nje ya ofisi nikisikiliza. Mkuu wa jopo, mpasuaji mzee, akachungulia mlangoni.

"Weye wa pikipiki, ingia. Leo uko familia ya mugonjwa."

Ndugu yangu wa kubuni, wakaniambia, mguu wake umeoza na lazima ukatwe. Kila daktari anieleze, nami nikubali au nikatae.

Wa kwanza alinimwagia Kifaransa. Sikuelewa hata neno.

Wa pili, daktari mwanamke, alivuta kiti karibu. "Papa, kwenu nani anasemaka kwanza?"

"Mujomba."

"Iko wapi?"

"Ku shamba."

"Mumuite. Namungojea mupaka kesho asubui. Kupita pale, huu muguu utamuua."

Wa tatu alikuwa rafiki yangu. "Ndugu, tulivuka matope pamoja. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi tunakata leo."

"Kata."

Akatabasamu. Mzee akaniuliza mbele ya wote: kama mguu ungekuwa wa ndugu yako kweli, ungempa nani? Nilitamani sana kumwonyesha rafiki yangu.

"Huyu nilimukubalia kwa sababu ya njia tulipita pamoja," nikasema. "Mujomba akifika, anatufukuza sisi wawili. Muguu nampa huyu mama."

Mzee akacheka. "Weye ulisomea wapi?"

"Kila pahali, ila ku masomo."

Nafasi akapewa yule mama. Tukarudi na rafiki yangu mpaka Beni. Sikumwomba radhi, na hata leo nisingemwomba. Tuliposimama kunywa chai, akasema, "Mwaka kesho watachagua tena. Ule mujomba angeniuliza nini?"

"Kwanza angekatala. Kisha angeuliza huyu mutu wa muguu moja atalima namna gani."

Akageuza kiti chake kunielekea.

"Tuanze. Weye uko mujomba."

Nikaweka kikombe chini, nikakataa kwanza.