Ufunguo Uliofungiwa Mguu wa Kiti

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika kampuni ya fanicha huko Ngara. Mbele kulikuwa na duka la vitanda na makabati, nyuma kulikuwa na ua mdogo na karakana ya maseremala. Hapo katikati ndipo palipokuwa na ofisi yangu, yaani meza moja, simu moja, na mlango wa meneja. Nilikuwa nimetoka mkoa wa Magharibi si zamani sana, nikikaa na dada yangu Kawangware, na kupata kazi hiyo kulitufurahisha mno. Miezi ya kwanza nilikuwa nikimwombea meneja kanisani kila Jumapili. Baadaye niliacha.

Alikuwa mtu wa makamo, msafi, wa suti za kijivu. Aliishi karibu na maduka ya Adams Arcade, na kila adhuhuri aliendesha gari kwenda kula kwake. Hakuweza kuamua jambo, wala hakuweza kusema na mtu bila kumvunjia heshima. Fundi mkuu akija kuuliza meza ya mteja ipakwe vanishi nyeusi au ya kahawia, jibu lilikuwa lile lile: "Nitafikiria." Meza ilikaa wiki na wiki ikila vumbi. Mteja akipiga simu, aliyefokewa ni mimi. Siku moja nilimwambia meneja kwamba kuna bwana harusi anaulizia meza yake. Akaniangalia kama niliyemkanyaga. "Kwani ni mimi nilimwambia aoe kama hana meza?"

Nikarudi kwenye simu nikamwambia yule bwana kwamba meneja anafikiria.

Hayo tuliyazoea. Kilichotushinda ni choo. Wafanyakazi wa ofisini na dukani tulikuwa na kimoja, mwisho wa ujia. Maseremala walikuwa na chao nyuma ya karakana, lakini hicho hakikuwa na paa la maana, na sisi wanawake hatukuweza kukitumia. Asubuhi moja meneja alikwenda akakuta mtu ndani, ikabidi angoje. Kesho yake mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukahamia kwenye mtoto wa meza yake. Ukiuhitaji, ulipaswa kubisha hodi, kuingia na kuomba.

Haukupita muda ufunguo ukapotea. Alitutukana sote asubuhi nzima, kisha akaukuta katika koti lake mwenyewe. Badala ya kutuomba radhi, aliagiza ufungiwe mguu wa kiti ili usipotee tena. Basi ndivyo tulivyokuwa. Ukitaka kujisaidia, ulipita mbele ya wateja umebeba mguu wa kiti, na hakuna aliyekosa kujua unakokwenda. Nilipouomba mara ya pili kwa siku, aliniuliza, mlango ukiwa wazi, "Wewe umekuja kazi ama umekuja choo?" Nikaanza kuacha chai asubuhi.

Mwenzangu aliyeuza dukani hakuwa mwoga kama mimi. Alikuwa mzaliwa wa Dagoretti, baba yake ana shamba na nyumba za kupangisha, na alizoea kusema lililomkaa moyoni. Wakati huo alikuwa mjamzito. Mimba ilipokua alihitaji ufunguo mara nyingi, na kila mara meneja alikuwa na neno. Nilikuwa mezani pangu siku aliyomwambia, "Mimba si ugonjwa. Mama yangu alilima mpaka siku ya kuzaa."

"Na huko shambani alikuwa akimwomba nani ufunguo?" mwenzangu akamuuliza.

Nilisikia mguu wa kiti ukitupwa juu ya meza. Tangu hapo meneja alimchelewesha makusudi, akijifanya yuko kwenye simu. Simu yake ilipitia kwangu, kwa hiyo nilijua kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Meneja alikuwa amekwenda kula, ofisi yake ameifunga, ufunguo uko ndani. Mara nyingi hali ikiwa hivyo tulikimbilia hoteli ya chai jirani, lakini mwenye hoteli alikuwa na msiba na alikuwa ameifunga. Mwenzangu akaja akasimama kando ya meza yangu, ameshika kiuno. Akaniambia polepole, "Dada, mimi siwezi tena." Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, na hasira niliyoipata hapo haikuwa ya kelele. Niliinuka tu nikavuka ua mvuani.

Fundi mkuu alikuwa akila mkate karibu na benchi lake. Alikuwa mtu wa rika la baba yangu, nasi sote tulimwita Baba.

"Baba, naomba unitolee mlango."

"Mlango upi?"

"Wa choo chetu."

Akatafuna kwanza. "Meneja amesema?"

"Meneja yuko kwake anakula. Dada wa dukani yuko pale analia."

Alichukua nyundo na patasi, akaenda, akagonga vyuma vya bawaba kutoka chini mpaka vikachomoka. Mlango ukatoka na kufuli lake. Alipoubeba kwenda karakana, mimi nilitandaza shuka la kufunikia makochi mbele ya choo nikalishika kwa mikono miwili, nimegeuza uso. Mwenzangu alipotoka alinawa uso, akarudi dukani kumwonyesha mteja kitanda.

Meneja alirudi ameshiba. Alifungua ofisi yake, akachukua mguu wa kiti, akaenda ujiani, akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Nani amefanya hii kitu?"

Nilifungua mdomo, lakini fundi mkuu alikuwa amekwisha kuingia kutoka uani. "Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu, bwana meneja. Tumeutoa tuurande."

"Nani alikuruhusu?"

"Ulikuwa umetoka."

"Urudishwe leo."

"Sawa. Turudishe na hilo kufuli, ama tuweke komeo ya ndani?"

Meneja akamtazama, akanitazama mimi, akautazama ule mguu wa kiti aliokuwa bado ameushika. Niliona kabisa swali lile linavyomlemea. Akisema kufuli, dada wa dukani alikuwa amesogea mlango wa duka na jibu lake. Akisema komeo, amekubali kushindwa.

"Nitafikiria," akasema, akaingia ofisini.

Akafikiria kwelikweli. Tulitundika pazia, na miezi ikapita mlango ukiegemea ukuta wa karakana. Mwenzangu alijifungua mtoto wa kike, akapumzika, akarudi, bado pazia. Yeye meneja mwenyewe alikuwa akikohoa kabla ya kulifunua kama sisi wengine. Kukohoa huko kulinipa raha kidogo, ila si nyingi, maana kila siku bado nilidanganya wateja na kila siku bado nilitukanwa.

Nilidhani wakubwa wangeona jinsi meza zilivyorundikana wakamwondoa. Walimwondoa, ndiyo: walimpandisha cheo akasimamie duka kubwa zaidi katikati ya mji. Siku ya kumuaga mkurugenzi alisema ni mtu asiye na pupa. Tulipiga makofi. Fundi mkuu alipiga makofi akiangalia dari.

Meneja alizunguka akimpa kila mtu mkono. Aliponifikia mimi, niliyekaa nje ya mlango wake muda wote huo, alinishika vizuri, akatabasamu, akaniita kwa jina la mwenzangu na kuniuliza mtoto anaendeleaje.

"Anaendelea vizuri, bwana meneja," nikamjibu, kisha nikaenda kupokea simu. Alikuwa mteja, anauliza kabati lake litakuwa tayari lini.